Tundu la Keekee

Sanduku la vyombo la baba ni la kijani,
limechubuka kona, bawaba zake nzito.
Alilinunua mnadani, shilingi thelathini,
akalisukuma kwa baiskeli mpaka Ngamiani,
barabara ya kumi na mbili.
Ubavuni kuna maandishi ya Kirusi.
Nilipokuwa darasa la pili nilijaribu kuyasoma
nikakwama kwenye R iliyogeuzwa:
imempa msomaji mgongo,
shingo inaangalia ilikotoka.
"Hiyo," akasema, "ndiyo pekee iliyohudhuria mafunzo."

Maana kanuni ya kwanza ya bomba lile
si kulenga.
Ni kutazama nyuma.
Roketi hutokea mbele, moto hutokea nyuma,
na moto haumjui rafiki.
Ndiyo sababu mpaka leo, kabla hajapiga msumari,
Fundi Semkiwa hugeuza shingo.
Wateja hudhani anawaogopa wadai.
(Anawaogopa pia. Duka la vanishi linamdai tangu Mfungo Mosi.)

Hakuwa mpigaji. Mpigaji alikuwa Nyamhanga,
mtu wa Tarime, bega kama kizingiti.
Baba alikuwa namba mbili, mbeba roketi:
tatu mgongoni, kwenye mkoba wa turubai,
vichwa vikichungulia kama watoto mbelekoni.
Kazi yake kuikaza baruti mkiani, kuchomoa pini,
kisha kupiga bega la Nyamhanga: tayari.

"Na lile bomba," husema, "katikati limevikwa mbao
ili chuma kisimuunguze mtu shavu.
Nikamuuliza mwalimu, mti gani huu?
Akanijibu, askari, mti wa kwao.
Si mvule. Si mkangazi. Si msaji wa Longuza.
Nyuzi zake nyembamba, rangi ya chai ya maziwa.
Nikapitisha kidole, nikakuta pahala randa iliruka,
kosa la mtu anayewaza chakula cha mchana.
Nikajua, kumbe huko nako kuna fundi."

Kilichomsumbua ni upepo.
Mtu wa Tanga anajua kitu chepesi hufuata upepo:
karatasi, makapi, uvumi.
Roketi haifuati. Upepo huusukuma mkia,
kichwa kikageuka kuukabili unakotoka.
Asubuhi ile, mwezi wa tatu, ulitoka kushoto.
Nyamhanga akalenga kulia, pembeni, penye migomba mitupu,
kama anayekosea makusudi.
Baba akatazama nyuma. Akapiga bega.

Hapo hadithi yake huruka,
kama randa ile.
Huanza tena wakiwa wamesimama kando ya kifaru,
nacho kimenyamaza, hakijabomoka,
mtu angedhani dereva amekwenda kuomba maji.
Ubavuni tundu moja. Dogo. La mviringo.
"Kama la keekee," anasema. "La robo tatu."
Akainama, fundi, kwa mazoea,
kutafuta unga wa mbao chini.

Hajatuambia kama alichungulia.

Sikio moja lilibaki kulekule.
Ukimwita, zunguka upande wa dirisha.

Tangu nina miaka tisa, kutoboa ni kazi yangu.
Yeye hupima, hukata, huranda,
akifika penye tundu huchora msalaba kwa penseli,
hunipa keekee, huaga anakwenda kunywa kahawa
na hurudi bila harufu ya kahawa.
Nimetoboa milango ya nusu ya Makorora
sijawahi kumuuliza.

Jana ilikuwa kitasa cha Bi Mwanashungi wa Chumbageni,
mkangazi mzuri, mkavu, hauna fundo.
Nikasimamisha ncha juu ya msalaba.
Kabla sijazungusha, sijui kwa nini,
nikageuza shingo.

Hakuwa amekwenda popote.
Alikuwa mlangoni, amenipa mgongo,
shingo inaangalia nilipo.