Mfuko wa Kanzu

Somo wangu, usiku wa kuamkia harusi,
alinishika sikio akanambia:
mfuko wa mume usiutie mkono.
Alikusudia kuchukua.
Kutia, hakukutaja.

Kila Ijumaa kabla ya adhana
nafungua kabati polepole, bawaba isilie,
natia kwenye kanzu ya Swabri noti kumi za mia mbili
nimezikunja kiume,
zisinuke mkoba wangu.

Yeye bafuni yuwanyoa ndevu, yuwakohoa
kunijulisha kwamba haoni.

Tangu ashushwe kwenye kreni ya Kilindini,
miaka mitatu sasa,
hiyo ndiyo lugha yetu: kikohozi.

Akitoka msikitini hupitia Marikiti.
Twalibu wa buchani humwita bosi,
“Bosi, paja au ubavu?”
Nyumbani hunikabidhi mfuko wa nyama,
nami mbele ya watu: “Ahsante, baba Shemsa, umejikalifu.”
Mamake, Bi Zuhura, mkekani, huitikia:
“Mume ni kupata huyu.”

Nalipa kodi ya nyumba, nalipa karo, nalipa stima,
kisha nalipa kodi ya kunyamaza.

Lakini nisijitakase.
Kazini, dawati la forodha,
madereva wa malori huniita Pilipili.
Ukali ule nauvua mlangoni Guraya pamoja na viatu,
na hakuna aliyenishurutisha.
Kuna raha kushukuru kwa kitu ulichonunua mwenyewe.
Kuna raha, na kuna kitu kingine
ambacho bado sijakipa jina.

Ijumaa hii kanzu haikuwako kabatini.
Naikuta uani, ndani ya beseni,
Swabri povu hadi viwiko,
mchana kweupe, jirani kasimama dirishani.
Kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo,
noti za wiki jana zaanikwa.
Nahesabu: kumi.

“Na ile nyama?”

“Nilikopa. Nikamwambia Twalibu,
andika jina la mke wangu, ndiye mlipaji.
Akacheka.
Kisha akaacha kucheka, akaandika.”

Hakukohoa.

Nami nimesimama na elfu mbili nyingine mkononi
sijui n’itie wapi.
Nikaiweka juu ya jiwe, nikashika ncha ya kanzu.
Yeye akashika ya pili.
Nguo haikamuki mkisokota upande mmoja:
yeye kulia, mimi kushoto,
maji yakatuchuruzika miguuni.

Ndani, mkekani,
Bi Zuhura akakohoa.