Njia ya Gari ya Bibi Eulalie

Tulikubaliana ukuta na baraza,
dola mia mbili na ishirini, sabuni juu yangu.
Njia ya gari haikuwamo kwenye bei.

Hapa Houma, Luiziana, unyevu hauna adabu:
hupanda ngazi bila hodi,
hukaa kwenye kuta za kaskazini, huota kijani, kisha cheusi,
mpaka nyumba nyeupe ifanane na jino la mvuta tumbaku.
Watu hudhani ni uzee. Ni ukoga.
Tofauti hiyo imenilisha miaka kumi na mmoja.

Tavian nilimfundisha ncha siku ya kwanza:
nyeupe kwa mbao, kijani kwa matofali,
manjano kwa saruji iliyokataa kusikia.
Nyekundu usiiguse. Nyekundu ni uzi wa maji,
huchana kiatu na kidole kilichomo.
Sabuni ipande, suuzo lishuke,
na ukikuta nyigu, wewe ndiye mgeni.

Ana miaka kumi na tisa. Huitikia kwa kichwa.
Dada yangu alikuwa hivyohivyo: ukimpa neno
huliweka mahali, usijue ni wapi.

Saa nne nilikuwa juu ya ngazi, upande wa nyuma,
injini ikinguruma, masikio nimeyaziba.
Niliposhuka kuongeza petroli
nilimkuta amenipa mgongo,
na kwenye saruji iliyoiva weusi wa miaka ishirini
herufi nyeupe, kila moja ndefu kumliko:
CLARISSE.
Hati nzuri. Hata mguu wa R ulikaa sawa.

Kazi hii ina ujanja mmoja mbaya:
kilichoandikwa kwa usafi hakifutiki.
Rangi utaikwangua, chaki mvua itaichukua,
lakini doa jeupe utalipaka nini? Uchafu?
Dawa ni moja, kusafisha kila kisichokuwa jina.

Matusi nilikuwa nayo tayari, ya petroli na ya muda.
Yalifika kooni yakamkuta dada yangu amekaa.
Tangu Februari hatukuwa tumemtaja, mimi na mwanawe,
ndani ya lori moja, kila asubuhi, redio juu.

"Anzia kwenye C," nikamwambia. "Mimi naanza na E."

Saa tatu na nusu za bure,
tukisogeleana, maji ya kahawia yakikimbilia mtaroni.
Nilidhani tunalifuta.
Kilipobaki kisiwa kimoja cheusi, tumboni mwa R,
ndipo nikaona: halikupungua hata herufi.
Lilinenepa tu, likavunja kingo zake,
likashika njia nzima, toka barabarani hadi gereji.
Tavian alikitazama kile kisiwa kitambo.
Kisha akakipitishia maji.

Bibi Eulalie akatoka na kandambili zake,
akatazama, akakunja uso:
"Sasa njia ya jirani inanitia aibu."
Akatuletea soda mbili za baridi
na hundi ya bei ileile.

Kwenye lori mkono wangu ulikwenda kwa redio,
ukarudi.
"Mama yako," nikasema, "hati yake ilikuwa mbovu."
Akafungua kioo, akatoa kiwiko nje.
"Mbovu," akasema. "Kama kuku amepekua."