Mpwani wa Saa Moja na Nusu

Saa moja na nusu, Mishomoroni.
Runinga ya Bi Mwanasiti imeelekezwa dirishani
tupate kumwona sote:
Mpwani wa vichekesho, chali mkekani,
kikoi kimemlegea,
"yakheee" moja aivuta mpaka matangazo ya sabuni.

Twacheka. Mie pia nacheka.
Mzee Mbwarali, aliyeshusha saruji tangu alfajiri,
amesinzia kabla hajachekeshwa.

Na huyo mvivu twamjua:
ni Fumo, wa nyumba ya pili, mlango wa bati.
Hukurupuka saa tisa usiku kuwahi basi la Nairobi
akaigize mtu asiyeamka.

Mamake hacheki.
Akodolea kikoi tu:
"Hicho cha marehemu babake.
Alikivaa Ijumaa,
na alipokifunga
hakikulegea."