Masikio Yote Mawili

Baba alipiga picha za pasipoti miaka thelathini na mmoja
kibandani, ng'ambo ya stesheni ya Tabora:
shuka jeupe nyuma, kigoda mbele,
na sentensi moja kwa kila binadamu,
*Usicheke. Masikio yote mawili yaonekane.*
Nimelelewa katika umbali huo, mita moja na nusu.

Siku niliponunua lenzi ya mia sita,
mtumba, kwa fedha za tumbaku za mjomba
(deni, si zawadi),
aliipima mkononi kama anayenunua jogoo.
"Hii ni ya kumpiga nani," akauliza, "asiyetaka kukaribia?"

Septemba, Ugalla.
Mto umekatika vipande, kila dimbwi na viboko wake wanaogombea tope,
miombo imetoa majani mekundu kabla mvua haijaahidi kitu.
Mbung'o wananiuma juu ya shati.
Lenzi nimeilaza kwenye mfuko wa maharage ya Kigoma, kilo mbili,
nilioushona kwa mguu wa suruali kuukuu ya Baba,
maana mkono ukipumua tu
kule mwisho ndege anaruka nusu ya mto.
Kinachovuta mbali kuja karibu
kinavuta pia mtetemo wako.

Furukombe yuko juu ya mti mkavu.
Nazungusha pete: mia moja na hamsini, mti na anga;
mia tatu, tawi;
mia sita, jicho,
na ndani ya jicho doa la mto.
Mchana hewa ilikuwa inachemka,
kila picha ilitoka kama imepigwa kupitia mvuke wa uji.
Sasa ni saa kumi na moja, mwanga umelainika, nasubiri.

"Fungua na la kushoto," ananong'ona Msonde, askari wa hifadhi.
Simsikii. Nimo ndani ya jicho.
"Dada. La kushoto."

Nikalifungua.
Hatua kumi na mbili kutoka kwenye buti langu
kiboko ametoka majini,
ananitazama bila lenzi yoyote.

Tulirudi kinyumenyume, taratibu, kama mkwe anayeaga.
Na ndipo, bila shaka, furukombe aliposhuka,
akachukua kambare wake, akaenda zake.
Nilipata moja: maji yaliyorushwa
na kucha pembeni, chenga tupu.
Usiku tulichana mfuko, tukapika egemeo lenyewe.
Lilitaka chumvi.

Mia sita si macho marefu. Ni macho membamba.

Jumatano, mjini, nilisimama upande wa pili wa barabara
nyuma ya mkokoteni wa miwa.
Baba alikuwa peke yake kwenye kigoda cha wateja,
akijaribu mwanga.
Akapita mtu wa baiskeli, kuku wanne kichwa chini,
akamtupia neno.
Baba alicheka.
Kichwa kilienda upande, pengo likaonekana,
kiganja kikapiga paja.
Moja ya elfu mbili ya sekunde.
Sikujua ana kicheko cha ukubwa huo;
nikiwa karibu hukikunja akakitia mfukoni.
Jicho langu la kushoto lilikuwa wazi:
liliona kuku, vumbi, lori la tumbaku likija,
barabara yote iliyokuwa kati yetu.

Nikampelekea, inchi nane kwa kumi.
Aliisogeza, akairudisha, akaisogeza tena;
mtoto wa jicho ameshaanza kula la kulia.
"Ulikuwa wapi?"
"Ng'ambo."
"Mbona sikukuona?"

Sikujibu.
Akachukua mkasi wake, ule wa pasipoti,
nami nikashika meza.
Alipunguza ukingo mweupe tu, pande nne,
akaibandika ukutani chini ya bei,
*nne kwa elfu tatu*.

"Sikio la kushoto halionekani," alisema.
"Wataikataa."