Po, Ko, Mo

Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili,
koti la sufu mkononi, jua la Januari likimcheka,
Armand Tessereau, mwana wa tarishi wa Limoges,
akasimama mlangoni pa chumba changu cha taipu
akatoa Kiswahili alichokikariri ndegeni:
"Habari za asubuhi. Mimi ni Nairobi."

Nilicheka hadi utepe wa mashine ukanipaka wino.
Wewe si Nairobi, bwana, nikamwambia.
Uko Nairobi. Upo hapa mlangoni.
Ukiingia, umo.
Akabaki pale pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje,
kama aliyeokota funguo asijue ni za mlango gani.
"Rudia," akasema.
Nikarudia. Akaandika nyuma ya tiketi.
Kwao, alinieleza baadaye, kuwa ni neno moja tu,
Mungu, meza na mvua wote wanalichangia
kama taulo la bweni.

Basi miwili ikawa minane.
Mkewe Solange alistahimili masika mawili
akarudi Lyon na piano yake.
Yeye akahamia Ngara, juu ya fundi wa saa,
akafundisha Jumatatu na Alhamisi, chaki hadi kwenye nyusi,
akasahihisha mitihani kwa wino wa kijani
kwa kuwa mwekundu, alisema, ni wa benki.

Akaomba fedha za utafiti: *Po, Ko na Mo*.
Mkuu wa kitivo akasoma mbio mbio,
akampa nauli ya Mto Tana, kwa Wapokomo.
Nani hukataa nauli?
Wiki tatu. Akarudi na malaria, mkungu wa ndizi,
na jibu la mama mmoja wa Ngao kwa mwanawe
aliyeuliza, kiangazi kile, mto umeenda wapi:
"Haupo. Lakini umo. Chimba."
Jibu hilo peke yake lilizaa kurasa mia na arobaini.
Nilizichapa zote. Mara mbili.

Mwaka ule wa virungu, chuo kikiwa kimefungwa,
alikuja darasani Alhamisi, saa mbili kamili,
akafundisha viti.
Nilimsikia kupitia ukutani akiita majina ya daftari
na kujiitikia mwenyewe: yuko. Yuko.
Alipofika kwa Ogolla, aliyechukuliwa usiku, akanyamaza.
Kisha: "Yuko."
Ndipo nami niliyezaliwa na lugha hii nikajua
ko ni ya nani.

Uprofesa walimnyima mara nne.
Machapisho haba, walisema, na hayo haba ni ya Kiswahili,
tena Kiswahili cha Mfaransa.
Sisi tulikuwa tumeshamwita Profesa
tangu alipokuwa hajui bei ya vitunguu.
Barua ilikuja siku tisa baada ya keki ya kumstaafisha.
Nikampelekea Ngara kwa miguu.
Akaikunja mara nne, akaitia chini ya meza
iliyokuwa na mguu mfupi. "Sasa ina kazi."

Alikufa Julai, baridi ile ya ukungu mpaka saa sita.
Lang'ata tulikuwa kumi na mmoja:
fundi wa saa, muuza magazeti,
na mtu mwenye mvi aliyesimama nyuma,
aliyeandika kwenye kitabu cha rambirambi
jina moja tu, Ogolla, kwa wino wa kijani.

Muswada umo katika droo yangu.
Ukurasa mia tatu na kumi na mbili unakatikia kwenye mkato,
na mimi siujui mwisho wake, nilikuwa mchapaji tu.

Jana wakapiga simu, ofisi ya pensheni,
msichana mwenye haraka, wanahakiki walio hai:
"Samahani mama, huyu Tessereau yupo?"
Miaka thelathini na sita nimewasahihisha wengine.
"Hayupo," nikaanza.
"Lakini subiri. Usikate simu. Subiri kidogo."