Ua la Kiazi

Naandika haya kwa kalamu ileile
iliyoandika malaria mara tatu
katika daftari la zahanati ya Isyonje,
mahali ambapo hata mbu, akipanda, hushuka na mafua.

Subilaga Mwakalinga, miaka thelathini na minne, mkulima.
Machi: mwili kuchoka. Malaria.
Aprili: mwili kuchoka. Malaria.
Mei: uso kuwasha. Nikaandika mzio,
nikamwambia abadili sabuni. Akabadili.
Juni, malaria tena.

Nyumbani ndoo ilikuwa imeshamshinda kujitwika.
Mama mkwe akasema ni uvivu.
Jirani akataja shamba la mpakani, kisha akanyamaza.

Julai, ukungu umelala hadi saa nne,
nilimwita kutoka kwenye benchi
asiinuke.
Si kwamba hakutaka. Mapaja yalikataa.
Nyosha mikono juu, nikamwambia.
Ikaishia mabegani,
kama mtu anayesalimu amri nusunusu.
Hapo ndipo nilipomtazama kweli:
kope zimeiva zambarau,
rangi ya ua la kiazi,
na juu ya kila kifundo cha kidole
kipele chekundu, kikavu.

Sijui.
Neno hilo halina nafasi katika fomu yoyote ya serikali.
Nikalibana pembeni mwa barua ya rufaa.

Mbeya walimkata kinyama cha paja,
kadiri ya punje ya hindi,
kikasafiri kwenda Dar es Salaam ndani ya kichupa
yeye asikokufika hata siku moja.
Wiki sita. Kikarudi jina tu:
dermatomayositisi.
Daktari alimweleza hivi: mlinzi wa mwili
amesahau sura za wenye nyumba,
anawapiga rungu usiku na mchana.

Vidonge vinane vyeupe baada ya uji.
Methotreksati Alhamisi, Alhamisi pekee;
mumewe ameizungushia wino kwenye kalenda.
Mashavu yakajaa. Sokoni wakampongeza:
kumbe viazi vimelipa!
Akacheka nao, yeye ambaye halali,
anayemenya viazi saa nane za usiku
kwa njaa isiyo yake.

Leo amekuja kuchukua dawa. Kilemba kimelegea.
Nikanyanyuka nimsaidie; akanitazama, nikakaa.
Mkono ukapanda. Ukafika sikioni.
Ukapumzika hapo.
Ukaendelea.

Daftari la mwaka ule liko kabatini.
Hairuhusiwi kufuta.