Karatasi ya Utambuzi Na. 41

Kharifu, milimani juu ya Salala.
Ukungu umeingia hadi ndani ya daftari;
wino unatambaa kuliko huu mmea wenyewe.

Jina: nimeacha wazi.
Shina: nene, pande nne, limebanwa kila kifundo
kama mtoto aliyefungwa mkanda na mama mkali.
Jani: moja kwa kila kifundo, halikawii kupukutika.
Vikono: hutokea mkabala na jani, vyembamba,
vinashika tawi kama mtu aliyepotea sokoni
akang'ang'ania kanzu isiyo ya baba yake.

Tufuli binti Musallam ananitazama, fimbo begani.
Ng'ombe wake kumi na watatu wanaupita, hawaugusi.
Namuuliza jina. Analitaja kwa Kijabali:
lina herufi inayochuruzika ubavuni mwa ulimi.
Naiandika mara tatu, naifuta mara tatu.
Anacheka mpaka ng'ombe wanageuka.

Basi navunja kipande.
Utomvu unanipata kiganjani, unaanza kuwasha,
na mkono unakumbuka kabla yangu:
Mtambwe, uani, shangazi Zuwena
anaponda shina la pembe nne kwenye kinu kidogo,
na kaka yangu Nasibu, kaanguka mkarafuuni,
kauma khanga asipige kelele.
"Nileteeni kile cha mifupa," alisema shangazi.
Hivyo tu. Jina hatukuwa nalo.
Tulikuwa na kazi yake.

Na nyinyi, namuuliza, mwautumia kwa nini?
Tufuli anainua mguu,
anagonga muundi kwa fimbo, mara mbili.
Haongezi neno.

Kimebaki kisanduku cha mwisho.
Asili: mwenyeji, mgeni. Weka alama.
Ofisini Maskati mimi ni yule wa Zinjibari.
Mtambwe, nilipokwenda kumzika Nasibu,
watoto walitangulia mbio wakitangaza:
Mmanga kaja! Mmanga kaja!

Kalamu imesimama. Tufuli kachoka kungoja;
anaushika mmea kwa mikono miwili, anauvuta
kama avutaye ndama tumboni mwa mamaye.
Mti wote unatikisika. Tunaloa, mimi na yeye na daftari.
Mmea haukutoka.
"Andika," anasema.

Naweka alama kwenye mwenyeji.
Tone linaiangukia, inasambaa
mpaka kwa jirani yake.

Maelezo mengine: unawasha.
Sasa ni saa tatu usiku, nimeoga mara mbili.
Bado.